Nilimtambulisha Mama Mkwe Bila Kumtazama

Juma lililopita niliwaacha mahali pabaya, na leo naanzia hapohapo, maana hapajawa pazuri.

Kwa aliyenikosa: mimi naitwa Mukhwana. Hapa Matisi, Kitale, wananiita Mwalimu, ingawa chuo cha ualimu nilikiona kwa nje tu. Ninachofundisha ni Kiingereza cha benki. Watu wa maziwa, wa mahindi na wa mitumba huja kwenye veranda ya duka la Manisha kila Jumamosi. Hunilipa shilingi hamsini, nami huwaeleza yale maneno yanayowatoa jasho kwenye fomu. Nina hata kijitabu, Maneno Mia Moja ya Benki. Manisha ndiye anayenichapia, na ndiye anayenidai.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, shemeji yangu Wabwile alimleta mwanamke aliyejifunika leso mpaka puani. Akasema ni mama yake, yaani mama mkwe wangu, ametoka Lugulu kuchukua mkopo. Kitambulisho kilikuwa cha mama mkwe kweli. Mashine ya benki ikakataa kusoma vidole, basi benki ikataka jamaa wa kumtambulisha.

Nikasema mbele ya watu, "Namjua. Huyu ni mama mkwe wangu."

Tukarudi na karatasi kwenye veranda ya Manisha, nikamsomea zote, nikatia sahihi yangu. Ekari tatu za Lugulu zikawekwa rehani kwa milioni moja na nusu. Wabwile akanunua lori, akavuka mpaka wa Suam, akapotelea Uganda. Hakulipa hata senti. Sasa ekari hizo, pamoja na nyumba ya mama mkwe na kaburi la mumewe, zitapigwa mnada tarehe ishirini na nane.

Na yule mwanamke sikumtazama usoni hata mara moja.

Najua utaniuliza, mtu mzima anamtambulishaje mtu ambaye hakumtazama? Basi wewe hukulelewa na nyanya yangu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye benchi moja, hali naye chakula. Vijana wa siku hizi wanawapigia wakwe zao simu za picha, wanawaita "mathe". Mimi siwezi. Nikienda Lugulu, nakohoa langoni, naye anazungukia nyuma ya nyumba. Siku ya harusi yetu alikaa na akina mama nyuma ya turubai. Siku ya kumzika baba mkwe nilikaa upande wa wakwe, macho kwenye majani. Picha yake iliyo sebuleni kwetu ni ya mwaka wa sabini na nane, msichana mwembamba wa shule. Miaka kumi na moja ya ndoa, uso wake sikuujua, na sauti yake sikuwahi kuisikia.

Wabwile alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alinichagua mimi.

Sasa nisikilize yaliyonipata kuanzia Jumamosi.

Tulikuwa watu tisa verandani. Nilikuwa nafundisha neno "default".

"Hili ni neno la kushindwa kulipa," nikasema. "Ukilala miezi mitatu bila kulipa, benki wanakuandikia hilo. Likishaandikwa, huwezi kulifuta kwa kuomba msamaha."

Kiplimo, mfugaji ambaye hulipa anapokumbuka, akainua mkono. "Mwalimu, si basi hata mimi niko default kwako? Ile ya wiki jana sijatoa."

"Wewe nitakupiga mnada pamoja na ng'ombe zako."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kwa meno tu. Neno "mnada" lilikuwa limenitoka bila kuliita.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, alikaa Mama Webuye. Huyu alikuwa mwanafunzi mpya. Siku ya kwanza nilipomwuliza jina alisema, "Andika Mama Webuye tu, inatosha." Ilikuwa Jumamosi yake ya tatu. Mama wa makamo anayeelekea uzeeni, viatu vyeusi vya mpira, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa nailoni wa buluu. Kila wiki alikuja na neno moja kwenye karatasi. Wiki ya kwanza lilikuwa "security". Nikamweleza kwamba ni ile mali unayowaachia benki, ili ukishindwa waichukue. Wiki ya pili likawa "notice". Nikamwambia ni barua ya kukuonya kabla hujavuliwa kilicho chako.

Nilimpenda yule mama. Alisikiliza kuliko wote. Nilimtania kwamba atakuwa meneja wa benki na mimi nitakuja kwake kuomba kazi ya kufagia. Nilikaa naye benchi moja nikimwonyesha herufi. Nilikula njugu zake za kukaanga. Nilipomnyooshea mkono wa kwaheri, alificha mikono yake ndani ya leso, nikadhani ni ugonjwa wa viungo.

Jumamosi hii akasimama na karatasi yake.

"Mwarimu, hapa kuna neno ringine."

Nikaichukua. Ilikuwa imeandikwa "interpreter".

"Huyu ni mkalimani," nikasema. "Ni mtu anayekusomea Kizungu kwa lugha yako, ili uweke kidole ukijua unachoweka."

"Eeh. Na huyo mtu akisema mbele ya benki, huyu mama namjua, na kumbe hamjui? Hiyo nayo inaitwaje kwa Kizungu?"

Kiplimo akadakia, "Hiyo inaitwa jela, mama!"

Veranda nzima ikaangua kicheko. Mimi nilishika meza.

"Mama, hilo ni neno refu," nikamwambia. "Nitakujibu Jumamosi ijayo."

"Sawa, mwarimu. Nitangoja."

Akakaa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikajiambia ni bahati mbaya tu, watu wengi wana kesi za namna hiyo. Nikamaliza somo haraka, nikaenda zangu bila hata kukusanya hamsini hamsini za watu.

Jumatatu asubuhi Manisha akanipigia simu.

"Mwalimu, njoo uone kitu."

Manisha kila mwaka huchapisha kalenda ya duka na kuweka humo picha za wateja. Nilimkuta amezibandika picha ukutani kwa pini tangu Ijumaa, anachagua zipi ziingie mwezi gani.

"Hii nimeiweka wewe mwezi wa tatu," akasema. "Kumbe nilikupiga na mother-in-law yako. Sikumbuki hata. Iko nzuri sana, angalia."

Nikageuza uso kwenda kwa mashine ya kopi.

"Mwalimu, angalia bana!"

"Siwezi, Manisha. Ni mama mkwe."

"Ni picha! Picha itakufanya nini?" Akacheka, kisha akaisogelea picha. "Lakini wewe, si ulisema huyo mama ni mkulima, mtu wa kanisa? Mbona amepaka kucha nyekundu, ati kama anaenda harusi?"

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nataka niliseme sasa, maana nimelificha hata kwenu wasomaji kwa majuma yote haya.

Kucha zile niliziona siku ileile.

Mtu anayetazama chini huona miguu. Nilikuwa nasoma karatasi ya pili, nikaona viatu vya wazi, na vidole kumi vyenye rangi nyekundu inayong'aa. Mama mkwe wangu ni mjane wa Lugulu ambaye, kwa maneno ya mke wangu, hata mafuta yenye harufu huyakataa. Nikajua. Ningeinua macho mara moja tu, ningemwona mgeni. Lakini kuinua macho ilikuwa aibu, na Wabwile alikuwa ameshanitumia elfu ishirini kwenye simu, na karo ya mwanangu Kevin ilikuwa haijalipwa. Nikaendelea kusoma. Nikafika chini, nikatia sahihi.

Sasa unajua. Sikudanganywa mimi. Nilijiacha nidanganywe, kwa bei ya elfu ishirini.

Nikaitazama picha. Mimi nimeinama na karatasi, na kando yangu mwanamke wa miaka hamsini hivi, leso imemteremka shingoni, anatafuna chingamu akimtazama aliyepiga picha. Sijawahi kumwona popote.

"Manisha, ifute hiyo kwenye simu yako."

"Kwa nini?"

"Ifute tu, tafadhali. Mila zetu hazitaki."

Akaniangalia sana. Lakini ni mtu wa heshima, akaifuta mbele yangu. Akaibandua picha ukutani, akaitia kwenye bahasha, akanipa.

"Nilichapa mbili," akasema, akitafuta kwa macho. "Hii nyingine ilikuwa hapa. Sijui ni nani amebandua."

Pini ilikuwa imebaki peke yake ukutani. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya kaunta, chini ya mashine, ndani ya pipa la karatasi. Hakukuwa na kitu. Manisha akasema labda upepo. Nikamshukuru, nikatoka na bahasha ndani ya koti, nikiwaza ni upepo gani huo unaong'oa picha na kuiacha pini.

Sijafika hata kwenye kona, simu ikalia. Namba ya Bungoma.

"Ni Mwalimu Mukhwana? Mimi naitwa Aman, wakili wa benki. Mwenye shamba la Lugulu ameandika malalamiko. Anasema hajawahi kuingia benki yoyote Kitale. Wewe ndiye mkalimani, na wewe ndiye ulimtambulisha. Jumatano saa nne nakutaka ofisini kwangu. Yeye pia atakuja. Utatuonyesha kama ni yeye."

"Na nikisema si yeye?"

"Basi mnada unasimama, na wewe utakuwa na mambo ya kueleza polisi."

"Na nikisema ni yeye?"

"Basi mnada unaendelea. Kwani ni yeye ama si yeye?"

Nikamwambia mtandao unapotea, nikakata.

Nilipofika nyumbani nilienda moja kwa moja jikoni. Jiko lilikuwa linawaka, maharagwe juu. Nikasogeza sufuria, nikaitoa bahasha. Ilibaki kuiachilia tu. Mkono ukagoma.

"Baba Kevin, umeanza lini kupika?"

Alikuwa Nakhumicha, mke wangu, amesimama mlangoni na ndoo. Nikairudisha bahasha ndani ya koti.

"Nilisikia harufu ya kuungua."

"Hakuna kitu kinaungua." Akaweka ndoo chini, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mama amepiga. Wakili amemwita Bungoma Jumatano. Nitaenda naye, siwezi kumwacha aende peke yake. Amekuwa mtu wa kukaa kimya siku hizi, Jumamosi zote hapatikani kwa simu. Nikimwuliza anasema alikuwa shule. Ati shule! Naogopa akili zake zimeanza kuchoka."

Lile neno "shule" lilinipita masikioni. Hofu ilikuwa imenijaa, sikuwa na nafasi ya kulisikia.

"Na Wabwile?" nikamwuliza.

"Usinitajie huyo. Huyo ni ndugu yangu, nitalia naye baadaye. Mimi namtaka yule mtu mwingine." Akanisogelea. "Wakili anasema kuna mtu alisimama benki, akasema anamjua mama. Mwongo mkubwa. Atakuwa huko Jumatano. Nataka nimwone kwa macho yangu, Baba Kevin. Nataka nimwulize kama yeye hana mama."

Nilitaka kupiga magoti. Kweli kabisa, nilitaka. Badala yake nikauliza kama maharagwe yana chumvi.

Siku iliyofuata nilipigiwa simu kutoka namba ya Uganda.

"Niaje, Mwalimu." Alikuwa Wabwile, sauti ya mtu aliyeshiba. "Nimeskia mmeitwa Bungoma. Sasa sikiza. Wewe sema ni yeye. Maliza hapo."

"Wabwile, mama yako atalala wapi?"

"Nitamjengea. Biashara ikisimama nitamjengea, si unanijua?"

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

"Usiniletee za mwalimu. Hebu fikiria. Wewe ni mtu wa mila, kila mtu anajua hiyo. Nani atakulaumu? Ukiona imekuwa ngumu, sema hukumtazama kwa sababu ya heshima. Lakini ukisema si yeye, mimi niko huku Uganda. Wewe uko Matisi. Na ile meseji ya elfu ishirini ninayo bado. Imeandikwa jina lako vizuri."

"Yule mwanamke ni nani?"

Akacheka. "Mama mkwe wako. Si ulisema unamjua?"

Akakata. Nilibaki nimeshika simu mpaka jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano alfajiri nilimwambia Nakhumicha kwamba naenda Eldoret kununua karatasi za kuchapa vijitabu. Aliniandalia chai, akanitakia safari njema. Yeye aliondoka kwenda Lugulu kumchukua mama yake, mimi nikaenda Bungoma kwa njia nyingine. Bahasha ilikuwa ndani ya koti. Sijui kwa nini niliibeba. Labda nilitaka kuitoa. Labda niliogopa kuiacha nyumbani.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ningefika mapema, niseme ninachosema, niondoke kabla mke wangu hajafika. Nilikuwa sijaamua nitasema nini. Nilifika saa tatu na nusu.

Wakili Aman alikuwa kijana mwenye kilemba cha buluu na meza safi. Akaniketisha kwenye kiti kinachotazama mlango.

"Bwana wakili, mimi nina haraka. Niandikie tu, nitie sahihi."

"Haraka ya nini? Tunangoja mwenye shamba."

"Mimi kwa mila siruhusiwi kukaa chumba kimoja na mama mkwe."

Akaweka kalamu chini. "Lakini benki mlikaa chumba kimoja."

Nikaomba kwenda msalani, akasema msala uko ngazini. Nikasimama. Na ngazini nikasikia sauti ya Nakhumicha.

"Polepole, mama. Shika hapo. Tumefika."

Nikakaa tena. Nikaangusha macho sakafuni, nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Nilijiambia labda hatanitambua. Mtu akiogopa huwaza upuuzi wa namna hiyo.

Mlango ukafunguka. Nikaona viatu vya mke wangu, vile vya kahawia nilivyomnunulia Krismasi. Vikasimama ghafla.

"Baba Kevin?"

Niliendelea kutazama sakafu.

"Baba Kevin, si umesema uko Eldoret? Unafanya nini hapa?"

Kando ya viatu vya kahawia vilikuwapo viatu vingine. Vyeusi, vya mpira. Cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa nailoni wa buluu.

Viatu hivyo nilivijua. Nilikuwa nimeviona Jumamosi tatu mfululizo, chini ya benchi la ukutani. Akili yangu ilichelewa. Iliniambia tu, kumbe Mama Webuye naye ana kesi kwa wakili huyuhuyu. Nikafarijika, hebu fikiria, nikafarijika kuona mtu ninayemfahamu. Nikainua kichwa, nikamtazama usoni kama ninavyomtazama kila Jumamosi.

"Mama! Hata wewe uko huku?"

Mkoba wa Nakhumicha ukaanguka.

"Baba Kevin!" Alikuwa amejishika mdomo. "Unamtazama mama usoni?"

Sijui kama umewahi kuhisi damu ikikutoka kichwani yote kwa mpigo. Nilimtazama yule mama, naye hakugeuka, hakujifunika, hakuzungukia nyuma ya kitu. Nilikumbuka njugu. Nilikumbuka benchi. Nilikumbuka mkono wangu nilioutoa, na mikono yake iliyojificha ndani ya leso. Mila niliyojificha nyuma yake miaka kumi na moja, yeye alikuja mwenyewe akaipita, peke yake, kutoka Lugulu, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye barua ya benki. Hakumwambia hata binti yake. Alitaka kuyasikia maneno yale kutoka kwa mdomo uleule uliomuuza.

Wakili Aman hakuelewa. Alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Vizuri sana. Kumbe mnajuana. Nilikuwa nimeambiwa hutaweza hata kumtazama." Akavuta karatasi. "Basi kazi yetu ni rahisi. Mwalimu Mukhwana, huyu ndiye uliyemtambulisha benki?"

Njia ikafunguka mbele yangu, pana kabisa. Nilikuwa nimemwita kwa furaha mbele ya wakili. Nani angesema simjui? Neno moja, na ningerudi Matisi kwa miguu yangu mwenyewe. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Sikuhitaji kuitazama kujua ni namba ya wapi.

"Baba Kevin," Nakhumicha akasema polepole. Nilimwona anavyoelewa, kidogo kidogo. "Ni wewe? Yule mtu ni wewe?"

Mama mkwe akamgusa bega, akamnyamazisha. Akalitoa daftari lake kwenye mfuko wa nailoni. Hakuniita mwalimu.

"Baba Kevin. Jumamosi uriniambia utanijibu. Mimi nimengoja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nitazame vizuri. Sitafunika uso reo. Nitazame, harafu umjibu huyu kijana."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, umeishika bahasha. Niliihisi kona yake inanichoma kidole. Kuitoa tu. Ekari tatu zingepona, na mimi ningelala ndani. Nilifikiria Kevin akisikia shuleni kwamba baba yake amefungwa. Nilifikiria meseji ya elfu ishirini. Nilimtazama yule mama machoni, na nataka mjue, wasomaji wangu, kwamba nilikuwa nimeamua kusema kweli. Nilikuwa nimeamua.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Nakhumicha akatoa sauti ndogo, akakaa sakafuni.

Wakili akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza karatasi. Mama mkwe akatikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya verandani akishaelewa neno.

"Umeandika?" akamwuliza wakili.

"Nimeandika, mama."

"Kama arivyosema?"

"Kama alivyosema."

"Asante. Niritaka nimpe nafasi ya kujisemea mwenyewe."

Akafungua daftari katikati. Ndani yake kulikuwa na picha, tundu la pini juu. Akaiweka mezani mbele ya wakili, akaielekeza vizuri kwa vidole viwili. Mimi nimeinama na karatasi. Mwanamke anatafuna chingamu. Kucha kumi nyekundu.

Wakili aliitazama picha. Akamtazama mama mkwe usoni, akarudi kwenye picha, akanitazama mimi. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Kisha akainuka, akanipita akaenda mlangoni, na nikasikia ufunguo ukigeuka.